Picha za Goma–Bukavu kwa maji: namna ya kuwatumia marafiki wa mtandaoni bila kuwamalizia mega

Mara ya kwanza kuvuka Ziwa Kivu kutoka Goma kwenda Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, nikiwa na simu yenye kamera ya maana, nilipiga picha 140, na usiku uleule nikamwaga 63 kati yake kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Ni kikundi cha watu wanane tuliofahamiana mtandaoni kwa kupenda ndege wa majini, na wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Mmoja yuko Mombasa, mmoja Arusha, mmoja Montréal, wengine wametawanyika kati ya Nairobi na huku kwetu Kivu. Nikalala nikijua nitaamkia sifa. Nikaamkia jumbe mbili. Wa Arusha: "Dada, bando langu limeishia kwenye mgongo wa mzee mwenye kofia." Wa Mombasa: "Hapo maji yamejaa ama yamekupwa?"

Wa Arusha alisema kweli. Mzee mwenye kofia alikaa mbele yangu safari nzima, na nilipohesabu nikamkuta kwenye picha kumi na moja. Wa Mombasa naye hakukosea kuuliza. Aliona ukanda wa mawe meusi ufukweni akadhani ni mwamba ulioachwa wazi na maji yaliyorudi nyuma. Mimi ndiye niliyenyamaza. Sikumwambia kwamba hili ni ziwa, liko mita 1,460 juu ya bahari anayoijua yeye, na kwamba mawe yale ni lava ya volkano yetu, Nyiragongo, iliyoganda.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Naueleza kwa mtu mwenye simu ya kawaida, anayepanda boti Goma kwenda Bukavu au kuteremkia kisiwani Idjwi, na ambaye tayari kuna watu mtandaoni wamemwambia "utatutumia picha".

1. Jua unampigia nani

Hii hufanyika nyumbani, jioni ya kuamkia safari, na haihitaji simu. Chagua watu watatu kati ya marafiki zako, ujiulize kila mmoja angetaka kuona nini kama angekuwa amekaa pembeni yako. Wa Arusha kwangu ni mtu wa chakula: nikimpa machweo anasema "nzuri", nikimpa beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, anauliza maswali kumi. Wa Mombasa amekulia kwenye vyombo vya majini, kwa hiyo anataka kujua mtumbwi umetengenezwaje na nani anaushika usukani. Wa Montréal alizaliwa Bukavu akaondoka akiwa mtoto. Huyo hataki mlima wala ndege. Anataka nyumba zinazoshuka mpaka majini, ngazi za mawe, na kama ile miti bado ipo.

Ukishajua hivyo, mkono wako hautabonyeza ovyo. Utakuwa unatafuta vitu vitatu, na ziwa litakupa vingine vitano bila kuombwa.

2. Andaa simu

Futa video za zamani upate nafasi. Chaji mpaka ijae, na kama una pawabenki ibebe. Chukua sashe ya plastiki isiyotoboka ya kufungia simu mawimbi yakichafuka, na kipande cha kikwembe kikuukuu cha pamba, kile kilichofuliwa hadi kikalainika, cha kufutia lenzi. Karatasi ya choo huacha vumbi, na pindo la shati lililolowa maji ya ziwa huacha ukungu.

Ukishapanda, weka simu katika hali ya ndege. Katikati ya ziwa mtandao hukatika, na simu inayotafuta mnara saa nzima humaliza betri kabla hujaona Bukavu. Tena sisi wa mpakani tunajua jambo jingine: minara ya Rwanda iko karibu, na simu iliyoachiwa rominga huingia ng'ambo bila kumwuliza mwenyewe, unashtuka yuniti zimeisha. Kamera haihitaji mtandao.

3. Kaa kulia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi huharibikia kabla hazijapigwa.

Boti ya Goma inaelekea kusini, ikipita upande wa magharibi wa Idjwi. Mkono wako wa kulia una pwani ya Minova na Kalehe na milima inayopanda nyuma yake. Mkono wa kushoto una kisiwa. Asubuhi jua liko mashariki, yaani kushoto. Ukikaa kushoto ukaelekeza simu Idjwi, unapiga dhidi ya jua: kisiwa kinakuwa kivuli cheusi, maji yanakuwa bati linalomeremeta, na uso wa mtu yeyote aliyekaa hapo hauonekani. Ukikaa kulia, jua liko mgongoni mwako. Migomba inaonekana ni migomba, mabati ya Kalehe yanang'aa, na hata moshi wa jiko la mtu kilimani unaonekana.

Ukirudi Goma alasiri, unaelekea kaskazini na jua limehamia magharibi. Sasa Idjwi iko kulia, na mwanga unaipiga usoni. Kwa hiyo ni kulia ukienda asubuhi, kulia tena ukirudi alasiri. Nimewaambia watu wengi hivi, wakacheka, wakajaribu, wakaniandikia.

Nyiragongo ina sheria yake. Inabaki nyuma, kaskazini, na unakuwa nayo katika nusu saa ya kwanza tu. Ina mita 3,470, karibu elfu mbili juu ya ziwa, lakini mawingu hupenda kukaa juu yake, na kadiri asubuhi inavyosonga ndivyo inavyojifunika. Ukitaka mlima mzima, piga mara tu boti inapoachana na bandari, na usiseme "nitaipata baadaye". Usivute kwa vidole mpaka picha ichakae. Kama simu ina lenzi ya mara mbili, tumia hiyo. Lenzi pana ya kawaida huufanya mlima uwe kipele. Weka kitu karibu, ukingo wa boti, bendera, bega la mtoto, ndipo macho yapate pa kupimia ukubwa.

Na chagua msimu kama una uwezo wa kuchagua. Mwezi wa saba na wa nane, kiangazi, hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba, na milima ya mbali inakuwa rangi ya majivu. Asubuhi ya baada ya mvua ya usiku ndiyo dhahabu: utaona mikunjo ya vilima mmoja baada ya mwingine.

4. Piga

Boti ya mbio inatetemeka na kurusha maji. Usiegemeze viwiko kwenye ukuta wa boti, kwa maana mtetemo wa injini utapanda mpaka kwenye picha. Bana viwiko mbavuni, shika simu kwa mikono miwili, kamba ikiwa imefungwa kiganjani. Niliona kijana mmoja simu ikimponyoka karibu na ncha ya Idjwi, akabaki ameinamia maji na mkono bado umekunjwa kama anaishika. Ziwa hili katika sehemu zake za kina kirefu linafika karibu mita 480. Hakuna aliyemwambia pole kwa sauti. Wote tuliangalia simu zetu.

Kioo cha dirisha kina chumvi ya mikono ya watu na matone yaliyokauka. Ama toka nje ukiruhusiwa, ama bandika lenzi kabisa kwenye kioo ili isishike mwako wa ndani. Futa lenzi kila baada ya dakika kumi, hata kama unaona iko safi.

Mstari wa maji uwe sawa. Ziwa lililoinama linamfanya anayetazama ahisi litamwagika, na hatakuambia kwa nini picha haimpendezi. Washa mistari ya kugawanya skrini kwenye mipangilio ya kamera, uufuate mmoja.

Vuka na jicho kutoka mbali kwenda karibu. Kila picha moja ya mandhari, piga moja ya kitu kilicho umbali wa mkono: kamba iliyofungwa fundo, chupa ya chai, jile la kuokolea maisha la rangi ya chungwa lenye namba ya wino, viatu vya watoto vilivyopangwa chini ya benchi. Wa Mombasa aliniambia picha iliyomfikisha ndani ya boti ilikuwa ile ya fundo, kwa sababu alilitambua: kwao hulifunga vilevile.

Video fupi moja inatosha, sekunde kumi na tano, bila kuzungusha simu kama feni. Upepo hula sauti. Geuka, mgongo wako uwe ukuta kati ya upepo na simu.

Halafu weka simu mfukoni ukae. Saa tatu za ziwa si nyingi.

5. Watu, na visivyopigwa

Asubuhi na mapema utakutana na wavuvi wa sambaza wakirudi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine imetoka mbele na nyuma kama pembe za panzi. Hiyo ndiyo hushika wavu. Usiku kucha wamewasha taa kuwaita samaki juu. Kwa mbali kundi lao ni mandhari, piga. Ukikaribia kiasi cha kuona uso, inua mkono kwanza uonyeshe simu. Akitikisa kichwa, ndiyo mwisho.

Sokoni Kituku, mahali mitumbwi na maboti ya Minova na visiwani hushushia mizigo, ninaomba kwa mdomo. "Mama, naomba nikupige foto moja, nitumie rafiki zangu wa mbali?" Yule niliyemwomba mara ya mwisho alinitazama kuanzia viatu. "Utanipatia nini?" Nikamwambia nitamletea foto yenyewe, ya karatasi. "Ngoja basi nifunge kitambaa muzuri. Na hao sambaza wa juu, uwageuze, hao wameshalala." Akavaa, akapanga beseni lake, akanyoosha mgongo. Picha ile ina heshima ambayo nisingeipata kwa kuiba.

Watoto: usitume uso wa mtoto wa mtu ambaye mzazi wake hujazungumza naye. Piga miguu yao ikining'inia majini, inatosha.

Kuna vitu ambavyo simu haipaswi hata kuvielekea: watu wenye silaha, vituo vya ukaguzi, mpaka, ofisi za bandari. Huku kwetu hilo halina mjadala, na kumweleza mtu kwamba ulikuwa unapiga korongo aliyesimama nyuma yake hakutakusaidia. Simu ikiwa mkononi wakati wa ukaguzi, izime skrini.

Na ajali. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, karibu kabisa na nchi kavu, watu wakiangalia. Video ya dakika zile ilizunguka simu zote za mji huu, ikavuka mipaka, na kuna waliotambua ndugu zao humo kabla ya mtu yeyote kuwagongea mlango. Mungu apishe mbali, lakini jambo likitokea mbele yako, simu ni ya kuita msaada. Na ukipanda boti yoyote, jile livae. Picha yako ukiwa umelivaa ni nzuri kuliko ile uliyolikalia.

6. Kati ya 140, baki na nane

Fanya hivi ukiwa umefika, umeoga, umekula. Pitia mara ya kwanza haraka ukifuta zilizotikisika, zenye vidole, na za mzee mwenye kofia. Mara ya pili, palipo na picha tano za kitu kimoja, bakiza moja. Usikae ukizilinganisha mpaka usiku wa manane, chukua ile ambayo mkono ulikwenda kwanza. Mara ya tatu warudie wale watu wako watatu: ipi ni ya nani? Isiyo ya mtu, hata kama ni nzuri, iache kwenye simu yako. Machweo mengi huanguka hapa.

Nane zilizobaki zipange kwa mwendo wa safari. Mimi huanza na mawe meusi ya Goma, na humaliza na rasi za Bukavu zinavyoingia ziwani, ambazo wenyeji huzilinganisha na vidole vya mkono uliotumbukizwa majini. Kati yake huja boti yenyewe, wavuvi, kisiwa, chakula, mtu. Anayefungua moja baada ya nyingine anakwenda kusini pamoja na wewe.

7. Rekebisha kidogo

Nyoosha mstari wa maji, kata ukingo uliojaa vichwa, ongeza mwanga kwenye nyuso. Basi. Ukiwasha kichujio cha kugeuza maji kuwa ya buluu ya kalenda, wa Bukavu watajua, na watakutania mbele za watu.

8. Andika chini ya picha

Kama una dakika kumi tu za kutumia kwenye mambo haya yote, zitumie hapa. Picha isiyo na maneno inamwachia rafiki yako kazi ya kubahatisha, naye atabahatisha kwa kutumia nchi yake. Ndiyo maana wa Mombasa aliona maji kupwa.

Kanuni yangu: mstari mmoja wa mahali na wakati, mstari mmoja wa kitu ambacho jicho peke yake haliwezi kujua. Na huyo jua anakotoka, umpe kipimo cha kwao.

Zamani niliandika "Idjwi nzuri sana", na moyo mbele yake. Sasa naandika: "Idjwi, saa kumi alasiri, tukirudi. Baada ya Ukerewe yenu, hakuna kisiwa cha ziwa kikubwa kuliko hiki Afrika. Hapo unapoona weupe ni mabati ya shule." Wa Arusha akajibu hapohapo kwamba shangazi yake ameolewa Ukerewe, na mazungumzo yakaenda mpaka saa tano usiku.

Beseni la sambaza: "Sambaza, Kituku, saa moja asubuhi. Usicheke, ni jamaa wa dagaa wenu wa Kigoma: alitolewa Tanganyika akaletwa ziwani huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake hakukuwa na wa kukaanga hivi."

Mawe: "Ufuko wa Goma. Si mwamba wa bahari, ni lava. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Ya 2021 iliishia pembezoni mwa mji. Maji hapa hayajai wala hayakupwi, dada."

Na ile ya Montréal nilimtumia peke yake, nje ya kikundi: "Hapo ndipo ziwa linapotokea kuwa mto Ruzizi na kushuka Tanganyika. Ngazi ulizosema zipo, ila sasa zimejengewa uzio." Hakujibu kwa siku mbili. Kisha akaandika, "Rangi ya uzio?"

Andika kwa Kiswahili chako. Nikitumia neno la kwetu, kama jile au kikwembe, ninaliacha lilivyo, watauliza. Maswali ndiyo faida yenyewe.

9. Tuma, lakini jua unatuma nini

Sasa nirudi kwenye bando la Arusha. Usiku ule nilituma picha 63 kama faili, kwa njia ya "Hati", kwa sababu mtu aliniambia ndiyo njia ya kutopoteza ubora. Ni kweli haipotezi. Kila moja ilikuwa na karibu MB 4, jumla zaidi ya MB 250, na zilifika na majina ya IMG na tarakimu tu, hivyo ilimbidi maskini azifungue zote ajue kuna nini. Zingepita kama picha za kawaida, WhatsApp ingezibana mpaka kila moja ibaki na KB mia mbili tatu hivi. Nane za namna hiyo hazifiki MB 3. Kwa kutazamwa kwenye simu, hakuna atakayeona tofauti. Kuna na kitufe cha HD, kilichoingia 2023: kitumie kwa moja au mbili zenye vitu vidogo vya kutazamwa, kama ndege au miti ya wavuvi.

Hati ina jambo jingine, nalo ni zito zaidi ya mega. Rafiki wa Nairobi aliniandikia faragha, kwa adabu: "Dada, kwenye ile picha ya begi mlangoni, simu inanionyesha nyumba yako kwenye ramani." Kamera nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huondoa maandishi hayo. Ukituma kama hati, yanakwenda yote. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi mahali, tena uzime kabla ya kutoka nyumbani.

Wakitaka zote, au kama kuna mtu anataka kuchapisha ukutani, tengeneza albamu ya Google Photos uwape kiungo. Atakayetaka atafungua siku akiwa na Wi-Fi, asiyetaka hatatozwa. Kumbuka mambo mawili: yeyote anayepata kiungo anaweza kuingia, hata asiyekujua, kwa hiyo picha ya yule mama wa soko usiiweke humo bila kumwambia, na nafasi ya bure ni GB 15 tu, ikijumuisha na barua pepe zako. Ndani ya albamu kuna sehemu ya kuzima kuonyesha mahali. Izime.

Hali (status) ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24. Inafaa kwa kusema "nimefika salama", haifai kwa hadithi.

Usitume ukiwa bado njiani. Dunia nzima haina haja ya kujua kwamba nyumba yako ya mtaani Himbi leo haina mtu. Na tiketi, yenye jina na namba yako ya simu, si picha ya kutuma hata ukiwa umerudi.

Saa nazo ziangalie. Mombasa, Nairobi na Arusha wako saa moja mbele yetu: ukituma saa nne usiku, kwao ni saa tano, wamelala. Montréal wako nyuma yetu kwa saa sita kiangazi chao na saba wakati wa baridi, kwa hiyo ukituma saa nane mchana unamkuta mtu na kahawa yake. Tuma moja, acha ipumue, tuma nyingine. Mimi hutuma nne leo na nne kesho jioni, na siku hizi wa Arusha ndiye anayeniuliza, "Boti imefika wapi?"

10. Rudisha

Mama wa Kituku nilimpelekea foto yake ya karatasi, ya studio ya mjini, wiki mbili baadaye. Aliifuta kwa kikwembe ingawa ilikuwa safi, akawaita wenzake wawili, akaiingiza chini ya karatasi ya mahesabu. Nikamweleza kwamba wa Mombasa aliipenda. Akaniuliza, "Na kwao huko, wanakula nini cha kidogokidogo namna hii?"

Nikalipeleka swali kikundini. Jibu lilikuja kesho yake, picha moja tu, na maneno yake chini: "Kongowea, saa kumi na mbili asubuhi. Dagaa. Mwambie mama hawa ni wakavu, wabichi nimechelewa, wameisha."